Kwa Nini Aliyepoteza Nyumba Anasuka Mkeka wa Maua?

(Mazungumzo ya redio juu ya amani na kuishi pamoja. Yamechapwa kwa ajili ya familia zilizohama makwao, familia zilizowapokea, na viongozi wa vijiji vya Kasongo na Kabambare.)

Mlio Kasongo mjini, mlio kando ya mto Luama, mlio Kabambare, na ninyi mliotoka Salamabila au vijiji vya jirani na mngali hamjarudi kwenu, karibuni tuzungumze.

Neno la leo wengine watasema si la wakati wa taabu. Ni kuchonga, kusuka, kufinyanga, kuchora, kuimba na kutunga. Watu wa masomo wanayaita yote haya sanaa. Sisi kijijini tunasema tu kazi ya mikono, ufundi, au ngoma, na mambo yanaeleweka. Hatutafundisha namna ya kusuka wala ya kuchonga; wenye kujua mko huko mnakosikiliza. Tunauliza swali moja tu: mtu anapofanya kazi hiyo, moyoni mwake anaifanya kwa sababu gani?

Tuseme mama mmoja amefika Kasongo kwa shemeji yake pamoja na watoto wanne. Wametembea siku nyingi, wamepewa chumba kimoja. Baada ya wiki mbili mama anatafuta majani, anayakausha, anaanza kusuka mkeka. Hapo hakuna shida, kwa maana watu wanalala juu ya mkeka. Lakini yeye anachukua majani mengine, anayachemsha pamoja na rangi, anayaingiza katikati ya yale meupe ili mkeka uwe na maua. Maua yale yanamla siku tatu zaidi. Mwenye nyumba ananung'unika: huyu anacheza, afadhali angekwenda shamba la mpunga. Chefu naye anapita, anasema mbele ya watu kwamba sokoni mkeka wa maua na mkeka usio na maua ni bei moja, basi kazi ya nini? Wote wawili wamehesabu vizuri. Ila hakuna aliyemwuliza mama.

Mtasema, hilo linahusu nini amani? Wenyeji na wageni mara nyingi hawaanzi kugombana kwa jambo kubwa. Wanaanza na mfuko wa unga, na zamu ya maji, na neno kama hilo la "huyu anacheza". Na kuna upande mwingine ulio mzito kuliko mkeka, yaani wimbo unaoimbwa usiku penye watu wenye uchungu. Huko tutafika.

Kwanza tuangalie kwetu. Upande wa Pangi, hapo juu ya Kasongo katika jimbo hili letu la Maniema, ndugu zetu Walega walikuwa na chama kinachoitwa bwami. Mtu alipanda ndani yake ngazi kwa ngazi, kwa mwenendo mwema, kwa msaada wa jamaa na kwa gharama nyingi. Katika mafundisho ya bwami walitumia vinyago vidogo na sanamu ndogo za mti, za mfupa na za pembe ya tembo. Sanamu ilitolewa, watu wakaicheza, wakaiimbia, na mithali ikasemwa juu yake: huu ni mfano wa mgomvi, huu ni mfano wa mzee mwenye kuona mbali. Mwenye sanamu alipokufa ilihifadhiwa mpaka akapatikana wa kuipokea. Walega wana neno moja, busoga, ambalo linabeba uzuri wa kitu na wema wa mtu pamoja. Kwao kuchonga sanamu nzuri na kumfundisha mtu kuwa mwema hayakuwa mambo mawili. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilipiga bwami marufuku, kwa maana iliona haraka kuliko wengi wetu kwamba sanamu zile hazikuwa mchezo.

Tushuke sasa upande wa kusini, ng'ambo ya mpaka wa Kabambare na Kasongo, kuelekea Kongolo. Wahemba walichonga sanamu za wazee wao waliokufa, mtu amesimama, mikono tumboni, uso umetulia. Mkubwa wa ukoo ndiye aliyezitunza. Kwa kuhesabu sanamu alihesabu vizazi, na kwa kuhesabu vizazi alionyesha kwamba ukoo wake una haki juu ya ardhi ile. Basi, aliyechonga alikuwa anaandika hati ya shamba, isipokuwa hakuiandika kwa wino. Katika miaka ya 1970 wachuuzi walizinunua sanamu nyingi za namna hiyo, zikaenda Ulaya. Leo zinasifiwa katika makumbusho huko kwa uzuri wake. Uzuri upo, kweli. Lakini anayejua tu uzuri wake hajui zilitengenezwa kwa nini. Na ninyi mliohama, mnaogopa kwamba mkirudi mtakuta mwingine analima shambani mwenu. Ninyi mtaelewa upesi kuliko watu wa makumbusho kwa nini mtu alitaka uso wa babu yake ukae nyumbani.

Tuje kwa mtu mmoja ambaye jina lake linajulikana na ambaye alieleza sababu zake mwenyewe, tena kwa Kiswahili. Ni Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi, aliyezaliwa mwaka 1947. Hakusoma shule ya kuchora. Alichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga na akazunguka kuuza picha zake nyumba kwa nyumba. Wakati ule wafanyakazi wa Lubumbashi walipenda kutundika picha sebuleni: mamba muntu, yule mwanamke wa majini, kijiji cha zamani, au gereza la wakati wa ukoloni ambapo askari anampiga mfungwa fimbo na Mbelgiji amesimama anatazama. Watu walikuwa na jina kwa picha hizo. Waliziita ukumbusho. Hawakusema kwanza "hii imechorwa vizuri". Walisema "hii inakumbusha". Baba aliyenunua picha ya gereza alijua kwamba siku moja mtoto atauliza yule anayepigwa ni nani, na hapo mazungumzo yataanza.

Miaka ya 1973 na 1974 Tshibumba alikutana na mwalimu mmoja wa chuo kikuu huko Lubumbashi, Johannes Fabian, Mjerumani aliyekuwa akisema Kiswahili. Akamwambia kwamba anaweza kuchora historia yote ya nchi. Akaichora: picha mia moja na zaidi kidogo, kuanzia wakati wa wazee, kupitia biashara ya watumwa na ukoloni, mpaka Lumumba, vita vya kujitenga kwa Katanga na utawala uliofuata. Kila alipoleta picha walikaa wakazungumza juu yake, na mazungumzo yale yalihifadhiwa katika kinasa sauti. Mwaka 1996 yalitoka katika kitabu pamoja na picha. Tshibumba mwenyewe alipotea mapema katika miaka ya 1980, na picha zake nyingi ziko sasa Amsterdam, katika makumbusho.

Sasa tumwulize: kwa nini ulichora? Alikuwa na mke na watoto, alihitaji franga, na hakuona haya kusema hivyo. Lakini fedha peke yake ingemfanya achore mamba muntu kila siku, maana ndiyo iliyouzika. Alitaka pia kuitwa mwanahistoria. Alitaka kusema kwamba historia ya nchi inaweza kuelezwa na mtu asiye na diploma. Alitaka kubishana na vitabu vilivyoandikwa na wengine. Na aliandika jina lake juu ya picha, kwa hiyo alitaka pia kujulikana. Sababu hizi hazikufukuzana ndani ya mtu mmoja. Hili ndilo ninaloomba lishikwe na kila msikilizaji: ukimwuliza fundi "ni kwa fedha au kwa moyo?" umemwuliza vibaya. Karibu kila mara ni kwa vyote viwili, na kwa kingine cha tatu ambacho hajakuambia.

Juu ya fedha tusiwe wanafiki. Kule Dar es Salaam Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 juu ya ubao, kwa rangi ya mafuta ya kupaka baiskeli, akitafuta riziki. Alikufa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine, lakini wanafunzi wake waliendelea, na leo namna yake ya kuchora inaitwa kwa jina lake duniani kote. Kuuza hakukuua sanaa yake. Mama wa mkeka akitaka kuuza, mumsaidie apate mnunuzi, msimtazame kama amechafua kitu kitakatifu.

Lakini kuna namna ya kutoa malipo inayoharibu. Mwaka 1973 wataalamu watatu wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, walichukua watoto wadogo wa shule ya chekechea waliopenda kuchora. Kundi la kwanza waliahidiwa cheti chenye utepe kama watachora. Kundi la pili walichora bila ahadi, kisha wakapewa cheti kwa ghafula. Kundi la tatu hawakupewa kitu. Siku nyingi kidogo baadaye waliwekewa tena kalamu za rangi, bila ahadi yoyote, wakaangaliwa. Wale walioahidiwa cheti walichora karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Kitu walichokuwa wakikipenda kimegeuka kibarua, na kibarua bila mshahara nani anakifanya? Wale waliopewa kwa ghafula hawakupungukiwa na hamu.

Baba zetu machefu, na ninyi wenye mashirika, mnaona tunaelekea wapi. Mara ngapi tumesikia mashindano ya nyimbo za amani, ambapo maneno yameandikwa ofisini, kikundi kinapewa fulana na sabuni, wageni wanapiga picha? Mwezi unaofuata hakuna fulana, na hakuna wimbo. Vijana hawakukosa akili. Walijibu sababu mliyowapa. Kama kuna wanaoimba tayari kwa hiari yao jioni, waacheni waimbe lao, kisha siku moja muwaletee ngoma mpya bila kutangaza. Hiyo inatosha.

Turudi kwa yule mama. Huenda atasema: nyumbani kwetu mkeka bila maua ni wa mfiwa, na mimi sitaki watoto wangu walale kama wafiwa. Huenda atasema maua yale alifundishwa na mama yake ambaye kaburi lake limebaki kule. Au hatasema kitu, ila ataonyesha mikono: ikisuka haitetemeki, ikikaa bure inatetemeka. Huyu wa mwisho wako wengi kuliko tunavyodhani. Mtu aliyeona mambo ya kutisha, mawazo yake yanazunguka. Kazi yenye kuhesabu, mbili juu moja chini, inayapa mahali pa kukaa. Hata Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilikusanya matokeo ya uchunguzi zaidi ya 3,000 juu ya sanaa na afya, likakubali kwamba kuimba, kuchora na kazi za namna hiyo husaidia wagonjwa na wenye huzuni. Hazichukui mahali pa muuguzi. Asiyelala wiki nzima apelekwe kituo cha afya. Lakini zile siku tatu za maua hazikupotea bure.

Watoto ni vivyo hivyo. Mtoto anachora bunduki katika vumbi, nyumba inawaka, watu wamelala chini. Mzazi anaogopa, anampiga, anafuta kwa mguu. Mtoto hachori hivyo kwa kupenda vita. Mara nyingi anakiweka nje kitu kilichokuwa ndani, ambako hawezi kukiona vizuri. Kaa karibu naye, useme "niambie". Asipotaka kusema, basi. Na ninaomba tena: picha ile isichukuliwe mkononi mwake ikaonyeshwe wageni wenye kamera bila yeye na wazazi wake kukubali. Hakuwachorea wao.

Tufike sasa pale pazito. Rwanda alikuwako mtunzi wa nyimbo mwenye sifa nyingi, Simon Bikindi, mkuu wa kikundi cha ngoma. Miaka michache kabla ya 1994 alitunga nyimbo zilizosimulia historia kwa namna ya kuwapanga Wahutu pamoja dhidi ya Watutsi. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, redio ya chuki ilizipiga tena na tena. Baadaye alishitakiwa mbele ya mahakama ya kimataifa huko Arusha. Hapo waamuzi walilazimika kuuliza swali letu la leo, ila kwa uzito wa damu: mtu huyu alitunga kwa sababu gani? Tarehe 2 Desemba 2008 walitoa hukumu. Walisema nyimbo mbili kati ya hizo zilitungwa kwa nia ya kueneza chuki ya kikabila. Lakini hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba zilitungwa ili kuita watu moja kwa moja kuua, wala kwamba yeye ndiye aliyezipeleka redioni mwaka 1994. Alihukumiwa miaka 15 kwa ajili ya kitu kingine: maneno aliyotamka katika kipaza sauti, garini, barabarani, mwisho wa Juni 1994, akiwahimiza watu kuua Watutsi.

Wengine hawakuridhika na hukumu hiyo, na huzuni yao inaeleweka. Lakini inatufundisha kutenganisha mambo mawili. Moja ni sababu iliyomsukuma mtunzi. Lingine ni kazi ambayo wimbo unafanya ukiwa mkononi mwa watu wengine. Mtu anaweza kutunga kwa uchungu safi, na mwingine akauchukua wimbo ule kuwasha moto. Mwingine anatunga kwa ubaya, akisema mbele ya chefu kwamba analia tu.

Hapa kwetu, kutoka wakati wa Simba mwaka 1964, kupitia vita vya 1996 na 1998, mpaka mapigano ya upande wa Salamabila yaliyowakimbiza wengi baada ya 2017, kila mara watu wamelia kwa nyimbo. Penye msiba tunaimba majina ya waliokufa, kijiji walichotoka, namna walivyokuwa wema. Chefu akisikia wimbo wa namna hiyo usiku uani kwa wakimbizi, asikimbilie kukataza. Ukimkataza mtu kulia kwa sauti, atalia kwa siri pamoja na wale wanaomtaka kwa kazi nyingine. Akae, asikilize mpaka mwisho. Anayetajwa katika wimbo ni marehemu, au ni mtu aliye hai, au kabila zima? Na msikilizaji anaombwa nini: akumbuke, ahurumie, au aende akafanye? Wimbo unaotaja waliokufa uachwe. Wimbo unaotaja kabila au kijiji cha wengine na kusema lililo halali kuwatendea, huo umeshatoka matangani. Hapo chefu amwite mtunzi peke yake, si mbele ya watu, amwulize kilichompata. Kama ana mashitaka juu ya mtu fulani, yapelekwe yanakopokelewa mashitaka, na chefu amsindikize. Mara nyingi mtu aliyetia jina la adui katika wimbo alikuwa amejaribu mahali pengine kulisema, akafukuzwa.

Vijana waliotoka porini nao wana nyimbo zao. Wenyeji wanazisikia, wanaingiwa na hofu, na haki yao. Lakini kijana yule aliingia akiwa na miaka kumi na tatu pengine, na nyimbo zile ndizo zilizomhesabu kuwa mtu kati ya watu. Usimwambie tu "acha". Ataimba nini badala yake, na nani atamhitaji? Kasongo hatukosi mahali. Misikiti yetu ina kasida na Maulidi, parokia zina kwaya, na katika kwaya mwenye sauti nzito anatafutwa kila siku. Mwalimu wa kwaya akimwambia "njoo, sauti yako inakosekana kwetu", amempa sababu mpya ya kuimba. Msimlazimishe kusimulia aliyofanya kabla ya kumpa nafasi; hiyo ni kazi ya mahali pengine na wakati mwingine.

Wanauliza mara kwa mara, je, kiongozi ana haki ya kuagiza wimbo au sanamu kwa ajili ya mapatano kati ya vijiji viwili? Anayo, wazee wa bwami waliagiza pia. Ila fundi awe mtu anayeaminiwa na pande zote mbili, aachwe apate maneno yake mwenyewe, na asiharakishwe kwa sababu wageni wanakuja Jumamosi.

Kwa leo tunakomea hapo. Waliotutumia maswali juu ya mashamba yaliyoachwa, tutayachukua katika mazungumzo yajayo. Kwaherini.